Tope la Ziwa Bogoria na marudio ya Makongolosi: Funzo la amana katika mali iliyofichika

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa vile tuvionavyo na vile tusivyoviona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji wetu, mada yetu ya Ijumaa hii inaanzia kwenye beseni la kufulia. Hapa Makongolosi, wilayani Chunya, nguo haikai safi kwa siku mbili. Vumbi la karasha huingia kila mahali, na baba arudipo kutoka duarani, suruali yake ya jinzi husimama yenyewe kwa udongo. Mama huiloweka kwa sabuni ya unga, huiacha kwa muda, kisha huifikicha na kuisuuza. Kijana aliyesoma kidogo akiangalia maandishi madogo kwenye baadhi ya pakiti za sabuni hizo atakuta neno enzimu, yaani vimeng'enya. Hapo ndipo swali huzuka majumbani: vitu hivyo vimetokana na nini, na je, nguo iliyofuliwa kwavyo inafaa kuswalia?

Swali hilo ni jema, na tutalijibu. Lakini nyuma yake kuna swali la pili ambalo wengi wetu hatuliulizi, nalo ni zito zaidi: mali hiyo ilichotwa wapi, na mwenyewe aliulizwa?

Kimeng'enya ni nini?

Kimeng'enya ni kitu ambacho kiumbe hai hukitengeneza mwilini mwake ili kazi fulani ifanyike upesi. Mtafune mtoto wako tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza, naye atakuambia limeanza kuwa tamu. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya kilichomo katika mate, kinachokata wanga kuwa sukari. Kina mama wanaopaka nyama ngumu utomvu wa papai bichi ili ilainike wanatumia kimeng'enya cha papai, hata kama hawakijui kwa jina.

Kila kimeng'enya kina kazi yake maalumu. Kinachokata wanga hakikati mafuta, na kinachokata mafuta hakigusi pamba. Aidha, kimeng'enya hakiishi kwa kufanya kazi. Kikimaliza kukata hapa huhamia pale, ndiyo maana kiasi kidogo mno hutosha beseni zima la nguo. Mwenyezi Mungu (S.W.) amewapa vyombo hivi viumbe vyake wote, wakiwemo bakteria ambao maelfu yao wanaweza kukaa juu ya ncha ya sindano.

Kutoka tope la magadi hadi kiwandani

Huko Kenya, katika Bonde la Ufa, kuna maziwa yanayoitwa Bogoria na Nakuru. Maji yake ni ya magadi, makali kwa ulimi. Kando ya Bogoria chemchemi huchemka na kurusha maji juu, na heroe hukusanyika kwa wingi kula mimea midogo ya majini. Mtu angedhani hakuna kidogo kiwezacho kuishi humo zaidi ya hiyo. Kumbe tope lake limejaa bakteria waliozoeshwa magadi na joto.

Mwaka 1992 watafiti wakiongozwa na William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikusanya vielelezo vya vijidudu katika maziwa ya magadi ya Kenya. Kwa nini magadi? Kwa sababu sabuni nayo ni kali kwa namna hiyo hiyo. Kimeng'enya cha kawaida kikitiwa ndani ya sabuni huharibika, lakini cha bakteria aliyezaliwa katika magadi hustahimili.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tope huchotwa kijiko kimoja, likatiwa katika kichupa. Maabara, bakteria hupandwa katika sahani zenye selulosi, yaani nyuzi zile za mimea ambazo ndizo pamba yenyewe. Baada ya siku kadhaa humiminwa rangi nyekundu. Pale ambapo bakteria ameila selulosi, rangi haishiki, na hubaki mviringo mweupe kumzunguka. Mviringo huo ndio humwambia mtafiti kwamba huyu ndiye anayetafutwa.

Kisha hutafutwa jeni, yaani ile sehemu ya maumbile ya bakteria yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Mara nyingi jeni hiyo hunakiliwa na kutiwa katika bakteria mwingine aliyezoea maisha ya kiwandani, anayekua haraka na kutoa kwa wingi. Tangu hapo kiwanda hakihitaji tena kurudi ziwani. Tuliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia.

Hatua inayofuata ni uchachushaji. Bakteria hutiwa katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, mengine yakichukua makumi ya maelfu ya lita. Humo huwekwa maji, sukari au wanga, unga wa soya na chumvi mbalimbali. Hewa safi hupulizwa ndani bila kukoma, pangaboi kubwa hukoroga, na joto pamoja na ukali wa maji hupimwa saa zote. Kijidudu kigeni kikipenya, tangi zima huharibika, ndiyo maana kila kitu huchemshwa kabla. Kwa siku chache bakteria huzaana na kukitoa kimeng'enya nje ya miili yao, kikaelea katika mchuzi ule.

Mwisho ni kusafisha. Mchuzi huzungushwa kwa kasi kubwa au kuchujwa ili miili ya bakteria ibaki upande mmoja. Maji yaliyobaki hupitishwa katika chujio lenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji na chumvi hupenya lakini kimeng'enya hukwama, na hivyo hukolea. Kikihitajika kuwa safi zaidi, kama kwa dawa za hospitali, hupitishwa katika mirija iliyojaa chembe zinazokinasa chenyewe na kuviacha vingine vipite. Kwa sabuni haihitajiki usafi wa kiasi hicho. Kimeng'enya hukaushwa na kufunikwa kuwa punje. Punje hizo zina historia yake: mwaka 1969 madaktari wa Uingereza waliandika kwamba wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walipata maradhi ya kifua kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya. Tangu hapo viwanda vilijifunza kukifunika. Sisi tulao vumbi la karasha kila siku tunalielewa vizuri somo hilo.

Vimeng'enya vinavyokula selulosi vina kazi mbili. Katika sabuni, hukata vinyweleo vinavyojitokeza juu ya pamba ili rangi ya nguo ing'are. Katika viwanda vya jinzi, hula kidogo juu ya uzi uliopakwa rangi ya bluu, rangi ikadondoka, suruali ikapata ule mfifio unaopendwa na vijana. Zamani mfifio huo ulipatikana kwa kuzungusha suruali mashinani pamoja na mawe mepesi ya volkano. Basi jinzi iliyofifia tunayoigombea kwenye mitumba yawezekana kabisa imepita mikononi mwa vimeng'enya.

Ni tohara au si tohara?

Wanazuoni wametufundisha kwamba asili ya vitu ni tohara mpaka ipatikane dalili ya unajisi. Bakteria wa udongoni na majini, waliolishwa sukari na soya, hawana dalili hiyo. Nguo iliyofuliwa kwa sabuni yao, ikasuuzwa kwa maji safi, huvaliwa na kuswaliwa bila wasiwasi.

Wapo wanaotishwa na neno kuchacha, wakadhani kila kilichochacha ni pombe. Kinachoharamisha ni ulevi. Ulanzi wa Iringa huchacha ukalevya, na hukumu yake inajulikana hata kwa mtoto wa madrasa. Maziwa ya mgando nayo yamechacha, lakini nani aliyewahi kulewa mtindi? Tangi la kiwanda cha vimeng'enya halikusudiwi kutoa kilevi, na kinachotafutwa humo si kileo.

Ama kuhusu chakula, tahadhari ni kubwa zaidi. Jibini, kwa mfano, hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama, na Mwislamu ana haki ya kuuliza mnyama huyo alichinjwaje. Tangu mwaka 1990, Marekani iliporuhusu kimeng'enya hicho kitengenezwe kwa bakteria, sehemu kubwa ya viwanda duniani imeacha tumbo la ndama. Anayetia shaka na aangalie alama ya halali au awaulize masheikh wake. Kuuliza si dhambi.

Ugomvi wa mwaka 2004

Sasa turudi kwenye swali la pili. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani na kuilalamikia kampuni ya Genencor ya Marekani. Lilidai kwamba vimeng'enya vyenye asili ya maziwa ya Kenya vilikuwa vikiuzwa kwa sabuni na kwa kufifisha jinzi, bila ya shirika kutoa ruhusa ya biashara hiyo na bila ya nchi kupata fungu lake. Kampuni ilijibu kwamba vielelezo vilikusanywa kihalali na watafiti waliokuwa na vibali.

Hatuko hapa kumhukumu yeyote. Tunaona tu kwamba kila upande ulikuwa na neno la kusema, na kwamba kilichokosekana ni mkataba ulioandikwa mapema na kueleza: tukipata mali katika tope hili, wewe utapata nini na sisi tutapata nini. Vielelezo vilichukuliwa mwaka 1992, mwaka ule ule ambao Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai ulifunguliwa kwa saini mjini Rio de Janeiro. Mkataba huo, unaotambua mamlaka ya kila nchi juu ya viumbe wake, ulianza kutumika Desemba 1993. Tope lilikuwa limekwisha kusafiri.

Na wapo waliosahaulika zaidi. Kandokando ya Bogoria walikuwa wakiishi Waendorois, wafugaji walioondolewa katika ardhi yao miaka ya 1970 ili ifanywe hifadhi ya wanyama. Walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ulikubali kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba walistahili fidia na fungu katika mapato ya ardhi hiyo. Kwa hiyo hata ndani ya nchi iliyokuwa ikilalamika, kulikuwa na mlalamikaji mwingine.

Yapo pia mazuri yaliyofuata. Mwaka 2006 Kenya ilitunga kanuni za kuomba kibali na kugawana faida. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark wa kutafuta vijidudu vyenye manufaa, safari hii kwa maandishi na kwa ahadi ya kuwafundisha wataalamu wa Kenya. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010, na Mei 2024 mjini Geneva ulipitishwa mkataba mwingine unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ambayo kiumbe husika kilitoka.

Sheria yetu inasemaje?

Uislamu ulilizungumza jambo hili kabla ya Geneva na Rio. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Abyad bin Hammal, aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) na kuomba apewe chumvi ya Maarib, huko Yemen. Mtume (S.A.W.) akampa. Alipoondoka, mtu mmoja barazani akaeleza kwamba alichopewa Abyad ni kama maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote hukichota bila taabu. Mtume (S.A.W.) akakirejesha.

Tutafakari kisa hiki. Ruhusa ilikuwa imetolewa, na aliyeitoa ni mbora wa viumbe. Lakini ilipobainika hali halisi ya kilichotolewa, maslahi ya watu wote yalitangulizwa. Hivyo, kibali kilichotolewa pasipo kujua si hoja ya mwisho. Sambamba na hilo, yako mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Je, mwenye ujuzi hana haki? Anayo, tena kubwa. Aliyekesha maabara akatoa kimeng'enya katika tope amefanya kazi, na mfanyakazi hustahili ujira wake kabla jasho halijakauka. Kinachokatazwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, ni kuliana mali kwa batili, na kinachoruhusiwa ni biashara ya kuridhiana. Nasi twauliza: mtu ataridhiaje asichokijua? Katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Hakim bin Hizam amesimulia kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa.

Marudio yetu

Ndugu zangu, msidhani tunasema habari za Kenya tu. Hapa Makongolosi tunayo tope yetu, nayo inaitwa marudio. Mchimbaji mdogo hupeleka mawe yake karashani, huyasaga, huyaosha na kunasa dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki huuzwa kwa bei ndogo, au huachwa kwa mwenye karasha kama malipo. Zebaki huacha nyuma sehemu kubwa ya dhahabu. Mwenye mtaji na utaalamu huyanunua marudio yale, huyaloweka kwa sayanaidi, na mara nyingine hupata zaidi ya alichopata aliyeingia shimoni.

Wanafiqhi waliligusa jambo hili tangu zamani. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, ameeleza katika Bidayatul Mujtahid hitilafu yao juu ya kuuza udongo wa machimbo na vumbi la masonara. Imam Malik aliruhusu udongo wa machimbo kwa masharti na akakataza vumbi la masonara. Imam Shafii alikataza vyote viwili, kwa kuwa kilichomo hakijulikani. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu, hiyo ni kazi ya masheikh. Tunaonesha tu kwamba wakubwa wetu waliliona tatizo: anayeuza hajui anauza nini.

Dawa yake haina uchawi. Sampuli ya marudio hupimwa. Makubaliano huandikwa, tena mbele ya mashahidi, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana. Ni ajabu kwamba sisi tunaoihifadhi aya hiyo hugawana mawe ya mamilioni kwa neno la mdomo, kisha tukapelekana barazani mwa serikali ya kijiji.

Lakini kuna tofauti moja kati ya dhahabu na kimeng'enya, nayo ndiyo tuliyosema tutairudia. Dhahabu ina uzito, hupita getini, na kila siku anayeitaka lazima arudi shimoni. Kimeng'enya huondoka mara moja, ndani ya kichupa kinachoenea mfukoni, na baada ya hapo mwenye ziwa hahitajiwi tena. Anayelala siku hiyo moja amelala daima.

Nasi tunayo maziwa na chemchemi. Ziwa Rukwa, upande wa magharibi mwa wilaya yetu, lina maji ya magadi. Chemchemi za moto za Songwe zinatoka ardhini usiku na mchana. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu, wakati babu zetu walikuwa wakiziona zile gesi zikibubujika bila kujua ni mali. Ni nini kingine kilichomo humo? Atakayejua ni yule atakayesoma.

Wajibu wa familia

Kwa hiyo wazazi, tuanze nyumbani. Mtoto akiuliza mambo ya pakiti ya sabuni, asinyamazishwe. Binti anayependa baiolojia na kemia asitolewe shule ili akauze chapati karashani, kwani huenda yeye ndiye atakayesimama Rukwa na kusema: tope hili tumelipima sisi wenyewe. Kutafuta elimu hiyo ni faradhi ya kutoshelezana. Wasipopatikana wa kuibeba, dhambi ni ya umma mzima.

Na wenye ujuzi miongoni mwetu, wenye matenki ya sayanaidi na wenye vipimo, wamche Mwenyezi Mungu (S.W.) kwa wasiojua. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Haikusema amana za wale wanaojua kudai tu. Mjane anayeuza marudio ya marehemu mumewe ana haki ya kuambiwa kweli sawa na kampuni yenye wanasheria kumi.

Jioni ya leo, suruali ile ya jinzi itakapoanikwa kambani, na tuiangalie kwa jicho jingine. Rangi yake iliyofifia inaweza kuwa kazi ya kiumbe kidogo aliyeumbwa katika ziwa la jirani zetu. Mola wetu hakuumba kitu bure. Tunamwomba atujaalie elimu yenye manufaa, rizki ya halali na mioyo isiyokula haki ya mtu, iwe ni dhahabu au tope. Amin.

Wabillahi Tawfiq.